Dirisha Tupu Chini ya Bakuli

Séraphin Kabamba alikaa kabla hajaambiwa akae. Alivuta kiti cha pekee ofisini chenye miguu minne mizima, akakigeuza ili jua la dirishani lisimpige usoni, kisha akaweka simu zake mbili juu ya meza ya Inspekta Germaine Kisimba kana kwamba meza ameinunua yeye. Germaine alizisukuma zile simu kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni, akaziacha hapo zikiwa nusu hewani.

"Mama Inspecteur, minye niko na kazi," Séraphin akasema huku akiziokoa simu zake. "Mwizi iko mu cachot, kintu iko hapa mbele yako. Bado nini?"

"Bado minye kuelewa. Na minye naelewaka pole pole, Papa Séraphin. Vumilia."

Kitu chenyewe kilikuwa bakuli. Kubwa, jembamba, la manjano kwa nje, limechorwa maua ya waridi na vipepeo ambavyo hakuna aliyewahi kuviona Katanga. Ndani lilikuwa na rangi ya feruzi, na chini, kwenye kitako, feruzi hiyo hiyo. Ila katikati ya kitako palikuwa na mraba mdogo mweupe, upana wa kidole gumba, kama dirisha. Ndani ya dirisha hamkuwa na kitu.

Kesi ilikuwa fupi, na ndiyo maana ilimkera Germaine. Séraphin alikuwa mnunuzi wa madini, ana depo kando ya barabara kuu, na shati lake lilikuwa na vitobo vidogo mkononi, vya asidi wanayodondosha juu ya mawe ili kujua yana nini. Mama yake alikufa. Wanawake wa mtaa wa Kikula walikuja kuwapikia wafiwa, kila mmoja na vyombo vyake, kama ilivyo desturi. Mmoja wao alikuwa Martine Ngoie, mjane anayeuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Baadaye, siku ya kutoa matanga, Martine aliingia sebuleni kwa Séraphin, akafungua kabati la vioo, akatoa bakuli hili, akalifunga katika kitenge na kuondoka nalo mbele ya wageni wote. Kesho yake polisi wakamfuata.

Martine anasema ni lake, lilibaki pale tangu msiba. Séraphin anasema ni zawadi kutoka kwa mshirika wake Mchina, chombo cha makaizari wa zamani. Na Commissaire Ruphin, mkuu wa kituo, amekwisha sema lake: mchana pick-up inapeleka mahabusu parquet, kwa mwendesha mashtaka, na Martine awe ndani yake, na faili liwe limeandikwa wizi. Germaine alijua faili la namna hiyo likishafika linakwenda wapi. Hakuna anayelisoma mara ya pili. Mtu anaingia gerezani na kusubiri, na wanaosubiri humo wengine wamesahau walichokuja kusubiri.

"Élie," akamwita askari wa mlangoni. "Leta Mama Martine."

Martine aliingia bila viatu, maana kwenye cachot, chumba cha mahabusu, wanaviacha nje. Alimtazama Séraphin kama mtu anayetazama uchafu ambao amekwisha ufagia mara moja.

"Bakuli ni ya nani?" Germaine akauliza.

"Ya mama yangu. Mama alilelaka batoto ba Muzungu fulani. Ile Madame akaenda kwabo, akamuachia mama bakuli. Tunakuliaka ndani tangu minye sijaota meno."

Séraphin akacheka. "Unasikia, Mama Inspecteur? Bakuli ya empereur, batu ba Kikula bakulie sombe!"

"Sombe, na maharagi," Martine akasema. "Na ku matanga ya mama yako, weye mwenyewe ulikulia matembele ndani. Na vidole ulilamba."

"Ala! Funga kinywa!"

"Hapa minye njo nafungishaka batu binywa," Germaine akasema. "Endelea, Papa. Uliniambia iko na preuve."

Séraphin akajinyoosha kutoa ushahidi wake. "Weye ni mwanamuke, unajua. Bamama ba Kikula, mbele ya kupeleka chombo ku matanga, banapaka vernis ya kucha kwa matako ya sahani. Kila mama na rangi yake, kila mama na alama yake. Pasipo ile, byombo inapotea. Geuza bakuli. Iko wapi vernis yake?"

Hapo alisema kweli. Nyumbani kwa Germaine kila sufuria ina nukta mbili za rangi ya kucha ya kijani chini, na zile ambazo hakuzipaka zilikwenda kwenye misiba ya watu na hazikurudi. Hakuna mwanamke wa Kikula anayetoa chombo bila alama. Ni sawa na kukitupa.

"Kwetu hatupakaka vernis," Martine akasema. "Inatoka na maji ya moto. Baba alikuwaka ajusteur, fundi wa byuma, ku atelier. Alipiga lime kwa mukingo ya kila chombo. Tia ukucha, utaona."

Germaine alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kitako. Kweli, palikuwa na pengo dogo la tupa, dogo kama jino la kitana, na ndani yake weusi wa mafuta ya kupikia.

"Lime!" Séraphin akapiga makofi. "Bakuli ililala kwake usiku muzima! Hata minye naweza kupiga lime usiku muzima."

Na hapo pia alikuwa na hoja, mshenzi yule. Mafuta ndani ya pengo yalimtosha Germaine. Yasingemtosha mtu wa parquet.

Akampeleka Séraphin kwenye korido, akafunga mlango, akamwonyesha Martine lile dirisha jeupe.

"Hapa mulikuwa nini?"

"Mulikuwa maandishi ya Bachina. Nyekundu. Makona makona tu, kama muchoro wa nyumba yenye byumba mingi. Niliipata bakuli mu kabati, maandishi haiko tena. Nilizani balisugua sana."

"Si weye uliitosha, ukaifuta?"

"Minye niitoshe juu ya nini? Ilinikosea nini?"

Martine akapelekwa kwenye korido, Séraphin akaitwa ndani. Swali likawa lile lile. Séraphin hakufikiri hata kidogo.

"Ilikuwaka tupu. Empereur wa Chine alikatazaka bafundi kuandika jina yake kwa byombo. Juu chombo ikivunjika, bantu bangekanyaga jina ya mukubwa. Donc, banaacha mahali pa jina tupu. Bakuli pasipo jina, njo original yenyewe."

Alilisema hilo kwa mkupuo, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. Germaine alimjua. Huyu ni mtu ambaye akiulizwa nani alitawala Katanga kabla baba yake hajazaliwa atakuuliza bei ya shaba.

"Nani alikufundisha ile?"

"Culture générale, Mama Inspecteur."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Commissaire Ruphin alikuwa ameshika kofia yake mkononi, na jasho limemjaa shingoni.

"Germaine, faili."

"Bado, chef."

"Bado tena? Juu ya bakuli? Niko na bamukosaji ba kweli humu, benye kukata batu na panga, na weye unanipigia danse juu ya bakuli! Moteur ya pick-up ikiwaka, ule mama anapanda. Na faili ama pasipo faili."

"Sawa, chef," Germaine akasema. Alilifunga bakuli katika taulo, akalitia ndani ya sufuria kubwa ya Élie ya kupikia bukari, ugali wake wa kila siku, akafunika na kifuniko, akatoka nje kutafuta pikipiki.

*

Mji mzima wa Likasi ulimjua Ingénieur Michel Tshibangu, na karibu nusu yake ilikuwa imegombana naye. Alikwenda China kwa bourse ya masomo kusomea ufinyanzi, katika mji ambao ulikuwa ukiwafinyangia makaizari vyombo vyao. Aliporudi alitaka kufungua kiwanda cha vigae. Kiwanda hakikupata umeme, washirika hawakupata subira, na sasa Michel anafundisha kemia huko upande wa Mulungwishi na kumnunia kila mtu anayetoka mjini.

Germaine alifika amejaa vumbi jekundu la malori mpaka kwenye kope. Michel alikuwa nyuma ya darasa, anasahihisha mitihani juu ya meza ya mbao. Aliona sare, akarudisha macho kwenye karatasi.

"Jambo yako, Ingénieur."

"Pikipiki yangu polisi walisha kukamata. Kama munataka na baiskeli, iko pale."

"Sikukuja kukamata. Nakuja kuuliza juu ya bakuli."

Michel akaweka kalamu chini. "Weye ni wa pili."

"Wa pili kwa nini?"

"Kunisumbua juu ya matako ya bakuli! Kuko mutu alinipigia telefone. Hata jina hakusema, hata jambo hakutoa. Anauliza tu: bakuli ya empereur inaweza kukosa jina? Namuambia, wakati wa empereur Kangxi, eh, inaweza. Pah! Akakata, mbele nimalize. Bantu ba Likasi banakuulizaka swali, kisha banakimbia na nusu ya jibu."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Kisha mitihani ya trimestre. Angalia mwenyewe." Akamtupia simu. Germaine alishuka chini kwenye orodha, akakuta namba anayoijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili lake, kwenye mstari wa mlalamikaji. Na siku ile ilikuwa baada ya msiba, kabla ya kutoa matanga.

Basi, Germaine akawaza. Mtu ana bakuli lake, zawadi, lilikuwa tupu tangu zamani. Halafu ghafla, baada ya wanawake kuacha vyombo kwake, ndipo anaanza kuhangaika kuuliza kama utupu ule ni wa kawaida.

"Nimalizie ile nusu ya jibu," akasema.

"Juu ya nini nikumalizie? Munanilipa?"

"Kuko mama mumoja mu cachot. Mjane. Mchana banamupeleka gereza juu ya ile nusu ya jibu yako."

Michel alimtazama kwa hasira, kana kwamba ni Germaine aliyempigia simu ile. Kisha akasimama, akachukua chaki, akaanza kuchora ubaoni kwa nguvu hata chaki ikakatika.

"Sikiliza, na usinikate. Zamani sana bafundi ba empereur hawakuandika kitu kwa matako ya chombo. Kisha, wakati wa ukoo wa ba-Ming, banaanza. Empereur Yongle, kidogo tu. Xuande, kila mahali: chini, kwa shingo, ndani. Maandishi sita ya bleu, kwa burashi, mbele ya kupaka kioo, ile ngozi ya kung'aa ya chombo. Kioo inakuja juu, moto unakuja juu ya kioo. Ile maandishi inalala chini ya kioo. Hauwezi kuitosha hata ukilia." Akachora duara mbili, moja ndani ya nyingine. "Kisha anakuja Kangxi wa ba-Qing. Wakati wake kunatoka amri: hapana kuandika jina ya empereur. Juu sahani inavunjika, bantu banakanyaga. Bafundi banaacha duara tupu, hivi. Wengine banachora jani ndani. Duara, unasikia? Duara mbili za bleu."

"Duara," Germaine akarudia.

"Ile amri haikukaa. Kangxi mwenyewe, jina yake ikarudia. Mutoto wake Yongzheng, maandishi safi sana, ya kusoma. Mujukuu wake Qianlong, yeye anapenda ya kizamani, ya makona makona, kama cachet, muhuri ya bureau. Na ni kuanzia kwake, na kisha yake, njo unaona mutindo mwingine: matako ya turquoise, katikati banaacha kadirisha nyeupe, ndani ya kadirisha banaandika cachet nyekundu. Nyekundu! Na ile haiko chini ya kioo. Iko juu. Banaipaka mwisho, banarudisha mu moto mudogo." Akageuka. "Iko wapi ile bakuli?"

Germaine akafunua sufuria ya Élie. Michel alisema neno moja la Kichina, na halikuwa zuri. Akalitoa bakuli kwa mikono miwili, akaligeuza.

Akaliinamia lile dirisha jeupe.

"Mutu wa telefone alisema iko tupu juu ya ile amri ya Kangxi," Germaine akamwambia.

"Mutu wa telefone ni mupumbavu! Duara ya Kangxi na dirisha hii, katikati kuko karibu miaka mia. Na tena, fikiri weye mwenyewe. Fundi anapaka turquoise pembeni yote, anazunguka pole pole, analinda kamahali keupe, kisha anaacha bure? Weye unanunuaka cadre, unapigilia ku ukuta, na photo huna?"

"Basi kulikuwa maandishi."

Michel alilisogeza bakuli karibu na kinywa, akalipulizia pumzi ya moto, haah, kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukatanda juu ya dirisha jeupe. Na ndani ya ukungu, kwa kitambo kidogo, palitokea mistari: makona makona, vyumba vingi katika nyumba moja, nguzo tatu za maandishi zikisimama bega kwa bega. Kisha ukungu ukakauka na mistari ikaenda zake.

"Tena," Germaine akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Michel akapulizia tena, akasoma kutoka kulia kwa haraka kabla pumzi haijakauka. "Da Qing. Jiaqing. Nian zhi. Ilitengenezwa wakati wa Jiaqing, wa Qing kubwa. Ni yeye aliyefuata Qianlong." Aliinua macho, na macho yalikuwa mekundu. "Nani alifanya hivi? Ni nyinyi? Ni nyinyi bapolisi?"

"Hapana."

"Hii ni asidi! Rangi imekwenda, kioo imekwaruzwa chini yake, njo sababu pumzi inashika vingine. Mutu aliketi, akatia asidi kwa jina ya empereur, akasugua, akasugua! Mutu wa namna gani? Na jina yake, hii bakuli ilikuwa bei ya nyumba muzima, na kiwanja, na batoto kusoma. Sasa ni nini? Bakuli nzuri tu. Bamarchand batasema maneno, batatikisa kichwa, batakwenda."

Germaine alirudi kwenye kazi.

"Utaniandikia yote ile, na signature."

"Siandikii polisi kitu."

"Basi nitarudi na mandat ya kukupeleka kituoni, mbele ya banafunzi bako."

Michel alimtazama kwa chuki safi. Kisha akavuta karatasi ya mtihani isiyotumika, akaandika kwa kalamu nyekundu, akaitia sahihi hata ikatoboka.

Njiani kurudi, sufuria mapajani, Germaine alikuwa na jambo moja tu lililokataa kukaa mahali pake. Martine alisema kweli, sawa. Maandishi yalikuwepo, sawa. Lakini Séraphin anataka kuuza. Mwizi gani anafuta bei ya mali aliyoiiba? Alilizungusha swali hilo mpaka walipoingia mjini, wakapita mbele ya soko la Kikula, na pale kando ya barabara mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa na lundo la sahani zilizotoka msibani, anazigeuza moja moja, anatafuta zake kwa rangi ya vernis. Ya rose, weka huku. Ya nyekundu, weka kule.

"Simama!" Germaine akamwambia wa pikipiki. Kisha, "Hapana, enda. Enda mbio."

*

Alimpitia Élie kituoni ili awe na shahidi. Pick-up ilikuwa imekwisha sogezwa mbele ya mlango, kifuniko cha injini kimefunguliwa, dereva anamimina maji.

Nyumbani kwa Séraphin, mkewe, Mama Reine, alifungua mlango nusu, akaujaza mwenyewe. Mwanamke mnene, katika mavazi meusi ya msiba, vidole viwili vya mkono wa kulia vimebabuka ngozi.

"Bwana yangu anakula."

"Tutamungojea anapotafuna," Germaine akasema, akapita.

Séraphin alikuwa kweli anakula. Hakunawa mkono. Germaine aliliweka bakuli juu ya meza, kitako juu, katikati ya sahani zao.

"Mama Reine, kisha matanga nani alipanga byombo ya bamama?"

"Ni minye. Nani mwingine?"

"Ulijua namna gani ni ya nani?"

"Eh, maswali! Kwa vernis. Kila mama na alama yake. Nilirudisha yote."

"Yote yenye vernis."

"Yote."

"Na yenye mulitaka kubakia nayo, vernis ilitoka na nini?"

Reine akamwangalia mumewe. Séraphin akameza tonge. "Mama Inspecteur, nilisha kukuambia. Ile bakuli ilikuwa tupu. Empereur..."

"Empereur Kangxi, duara mbili za bleu. Ingénieur Michel anakusalimia, anasema siku ingine usikate telefone mbele amalize." Germaine aliinama, akapulizia juu ya dirisha jeupe. Haah. "Élie, sogea uone. Papa Séraphin, na weye sogea. Mama Reine, kuja."

Wote wanne waliinama juu ya meza kama watu wanaosali kabla ya chakula. Mistari ikatokea. Séraphin akarudi nyuma, kiti kikalia sakafuni.

"Nini ile?"

"Ile ni jina ya empereur Jiaqing. Bafundi bake banaiandikaka nyekundu, juu ya kioo, ndani ya kadirisha nyeupe. Ilikuwa hapa siku Mama Martine alileta bakuli na matembele. Muchina wako, siku ya matanga, aliona maua ya pembeni, akakuambia hii ni kintu kubwa. Kweli ama uongo? Lakini chini hakuona, juu ndani mulikuwa chakula."

Macho ya Séraphin yalikuwa juu ya lile dirisha, lililokuwa limekauka tena.

"Aliporudi akageuza bakuli, alisema nini?" Germaine akaendelea. "Aliuliza jina iko wapi, si vile? Njo ukapigia Michel. Papa Séraphin, ile nyekundu njo ilikuwa bei. Nyumba muzima, na kiwanja. Hii yenye kubakia, ni bakuli ya kukulia."

Halafu shingo ya Séraphin ikavimba. Alimgeukia mkewe.

"Uliniambia ni vernis yake!"

"Minye?" Reine akashika kiuno.

"Weye! Uliniambia ile nyekundu ni alama ya ule mama, ulisema tutoshe alama yake, hatakuwa na preuve! Ni weye!"

"Na nani aliniletea asidi? Nilikuambia acétone haiitoshi, vernis gani hii haisikii acétone, tuache! Weye ukaenda ku depo ukaleta asidi! Angalia vidole yangu! Angalia!" Akamtia vile vidole vilivyobabuka karibu na macho. "Nilisugua mpaka nikalia, na weye umesimama pale unasema kaza, kaza!"

"Mupumbavu weye, ulisugua nyumba!"

"Nyumba ya mwizi!"

Germaine alikuwa amekwisha toa karatasi za PV, za kuandikia maelezo, na kalamu iko tayari.

"Pole pole, benye nyumba," akasema. "Rudieni pole pole, niandike. Mbele ilikuwa acétone, kisha asidi. Asidi ilitoka depo gani?"

Ndipo Séraphin alipokumbuka kwamba hawako peke yao. Alimtazama Élie, kisha akatazama bakuli. Alinyoosha mkono polepole, akalipulizia yeye mwenyewe, haah, akabaki ameinama juu ya jina lile mpaka lilipopotea. Akapulizia tena. Alikuwa bado anapulizia wakati Élie alipomshika mkono.

*

Injini ya pick-up ilikuwa inawaka. Mahabusu walikuwa wamepangwa nyuma, na Martine alikuwa mwisho, ameshika ubavu wa gari, uso umekaza. Commissaire Ruphin alisoma PV akiwa amesimama, midomo inacheza. Aliposoma mahali pa asidi alisimama, akarudia. Alimtazama Séraphin na Reine, waliokuwa bado wanatukanana chini kwa chini kwenye benchi.

"Una kichwa ngumu, Germaine," akasema, bila upole wowote. Kisha akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Weye, mama. Shuka."

Martine hakuelewa mara ya kwanza. Ikabidi aambiwe tena. Alishuka kwa kujishikilia, akasimama juu ya vumbi na miguu yake mitupu. Pick-up ikaondoka bila yeye. Aliifuata kwa macho mpaka ilipokata kona.

"Unaenda kwako, Mama," Germaine akamwambia ndani, akimsogezea karatasi ya kutia sahihi. "Lakini bakuli inabakia. Ni preuve. Parquet itaitaka."

"Basi njo bakuli inalala cachot mahali pangu."

"Kwa siku kidogo."

Martine akacheka kwa pua. Germaine alichukua kalamu ya feutre, ile nene ya kuandikia namba za vielelezo, akaligeuza bakuli, akatafuta mahali pazuri. Mahali pazuri palikuwa pamoja tu, peupe, safi, kama pamewekwa kwa ajili hiyo. Ncha ya kalamu ilikuwa karibu kugusa alipoona kifundo chake cha mkono kimeshikwa, na kimeshikwa kwa nguvu.

"Aka!" Martine akasema. "Hapana kuandika juu yake. Wote munataka kuweka na kutosha, kuweka na kutosha. Andika kwa karatasi."

Mtu hamshiki inspekta mkono ndani ya ofisi yake. Germaine alimtazama, na Martine hakushusha macho. Mwishowe Germaine alifunika kalamu. Aliandika namba juu ya kipande cha katoni, akakitoboa, akakifunga kwa uzi kuzunguka kitako cha bakuli.

Kabla ya kuondoka, Martine alilichukua mikononi. Hakutazama dirisha jeupe hata kidogo. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, mpaka ukucha ukanasa kwenye pengo la tupa ya baba yake, akauacha hapo kwa muda. Akalirudisha mezani.

"Siku munanirudishia, nitatia ukucha hapa," akasema. "Munibadilishie bakuli, mutanijua."

Alivaa viatu vyake mlangoni. Kisha akageuka, akapaza sauti hata walioko kwenye benchi wasikie.

"Na ule Mama Reine bado iko na sahani yangu mbili ya bleu. Zenye lime!"

Germaine akavuta PV, akaongeza zile sahani mbili.